Hawiza ya 1898: Mzinga wa Farasi Uliobebwa na Watu

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama Wajerumani, katika vita vya 1914 hadi 1918, waliwatupia adui zao nyuki. Alikuwa amesoma katika kitabu chake cha historia kwamba vita hivyo vilipiganwa Afrika ya Mashariki kwa bunduki na mizinga, na kijijini kwao mzinga ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Wenzake walimcheka. Mimi sikumcheka, kwanza kwa kuwa jina la silaha hiyo kwa Kiswahili limefanana na la gogo hilo, na umbo lao ni moja. Na pili kwa kuwa huko Tanga, mwezi wa Novemba 1914, nyuki walioghadhibishwa na risasi waliwavamia kweli askari waliokuwa vitani. Lakini swali lake lilinifanya nitambue jambo ambalo sisi waalimu hulipita mbio: tunasema “mzinga” tukadhani tumekwisha sema yote, hali mafundi wa silaha hizo wana majina mengi, na kila jina lina sababu yake.

Katika makala haya nakusudia kueleza aina moja tu ya mzinga, ile ambayo Wajerumani huiita Haubitze, nasi tutaiita hawiza. Nimeichagua kwa sababu hawiza nne za aina hiyo zilifika katika pwani yetu mwaka 1916, na kwa sababu katika vitabu na mazungumzo huchanganywa mara kwa mara na mizinga ya manowari Königsberg. Zote zilikuwa na tundu la upana mmoja, yaani milimita 105. Basi msomaji akiona tarakimu hiyo huhukumu kwamba ni kitu kimoja. La hasha; zilitofautiana kama mkuki wa kurusha unavyotofautiana na kombeo.

Tuanze na jina. Neno lenyewe si la Kijerumani kwa asili. Wajerumani walilipokea kutoka kwa Wacheki, ambao katika karne ya 15, wakati wa vita vyao vya dini, walikuwa na mzinga mfupi ulioitwa houfnice, kutokana na neno houf, maana yake kundi la watu. Ulikuwa mzinga wa kupiga umati. Karne zilipopita kazi yake ilibadilika, bali jina likabaki na kusafiri kutoka lugha hata lugha, likipoteza herufi hapa na kuokota nyingine pale, jambo ambalo sisi wa Kiswahili hatuna haki ya kulishangaa.

Sasa tuitazame kazi yake. Mzinga wa kawaida wa uwanjani hurusha kombora kwa kasi kubwa, nalo huenda karibu sawasawa na ardhi. Hufaa sana dhidi ya askari waliosimama wazi. Lakini adui akichimba handaki, au akijificha nyuma ya kilima, kombora humpita juu au hugonga udongo ulio mbele yake. Kila mtoto aliyewahi kutupia jiwe embe lililo upande wa pili wa ukuta anajua dawa yake: hatupi kwa nguvu mbele, bali hutupa juu, jiwe lipande kisha lishuke. Hiyo ndiyo hawiza. Mtutu wake ni mfupi, huinuliwa juu sana, na kombora lake huenda kwa kasi ndogo, likapanda na kushuka kwa mwinamo mkali hata likaingia ndani ya shimo.

Mataifa ya Ulaya yalikuwa yameidharau silaha hiyo kwa miaka kadhaa. Yaliyowazindua ni mambo ya Plevna mwaka 1877, pale Waturuki walipojichimbia mahandaki ya udongo na kuwazuia Warusi kwa miezi mingi, huku mizinga ya Warusi ikivurumisha makombora bila ya kuwatoa. Tangu hapo wakuu wa majeshi wakaanza kudai hawiza iliyo nyepesi kiasi cha kuweza kufuatana na jeshi uwanjani, ikivutwa na farasi. Wajerumani waliipata yao mwaka 1898, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Rheinmetall. Kwa kifupi iliitwa FH 98.

Hapa pana kisa cha kusikitisha kidogo kwa upande wa wahandisi. Mzinga wowote ukilia, nguvu ile ile inayosukuma kombora mbele husukuma mtutu nyuma. Katika mizinga ya zamani mtutu ulikuwa umefungwa imara juu ya gari lake, hivyo gari zima liliruka na kurudi nyuma, na baada ya kila shuti askari walilazimika kulisukuma mpaka mahali pake na kulenga upya. Mwaka 1897, yaani mwaka mmoja tu kabla ya hawiza yetu, Wafaransa walileta mzinga wa milimita 75 ambao mtutu wake uliteleza nyuma peke yake juu ya gari, ukazuiwa na kiowevu na hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, kisha ukarudi mahali pake taratibu bila gari kutikisika. Kikombe cha maji, walisema watu, kingeweza kukaa juu ya gurudumu lake. Hawiza ya 1898 haikuwa na kitu hicho. Ilizaliwa ikiwa mzee. Na Ujerumani kwenyewe alikuwapo mhandisi, Konrad Haussner, ambaye alikuwa ameibuni njia ya namna hiyo alipokuwa akifanya kazi kwa Krupp, wakubwa wake wakaikataa.

Krupp hao hao ndio waliokuja kupewa kazi ya kuitengeneza upya hawiza hiyo, kati ya mwaka 1902 na 1904. Waliipa gari jipya na chombo cha kuzuia teke. Jeshi liliikubali mwaka 1909, ikaitwa 98/09, na hawiza za zamani zikageuzwa kufuata mtindo huo mpya. Hivyo msomaji akikuta namba hiyo yenye mstari katikati, na afahamu kuwa inasimulia miaka 11 ya kusahihisha kosa.

Chombo hicho kinastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana ndiyo siri ya hawiza yote. Chini ya mtutu palikuwa na silinda yenye pistoni ndani yake, na ndani ya silinda mlikuwa na kiowevu. Mtutu uliporudi nyuma, kiowevu kililazimishwa kupita katika vitundu vyembamba, na kwa kupita kwa shida kilimeza nguvu ya teke. Kamani kubwa za feleji, zilizokuwa zimebanwa wakati huo huo, zilijinyosha na kuurudisha mtutu mbele. Mpaka hapo hakuna tofauti kubwa na mizinga mingine ya wakati ule. Ugumu ni huu: hawiza huelekezwa juu. Mtutu ulioinuliwa nyuzi 40 hauendi nyuma tu, bali huenda nyuma na chini, na ukiachiwa mwendo mrefu utagonga ardhi. Kwa sababu hiyo chombo cha 98/09 kilifanywa kiwe na mwendo unaobadilika. Mtutu ukiwa umelala, uliruhusiwa kuteleza mbali. Kadiri ulivyoinuliwa, ndivyo mwendo wake ulivyofupishwa na breki kukazwa. Nani asiyeona akili iliyotumika hapo?

Vipimo vyake vilikuwa hivi. Kasiba ilikuwa na urefu wa meta 1.6 hivi, yaani kama mara 16 ya upana wa tundu lake, na ndani yake mlichongwa mifereji iliyojizungusha kama hesi ili kombora litoke likizunguka na lisipinduke hewani. Mlango wa nyuma ulikuwa kabari ya chuma iliyosukumwa ubavuni ili kufungua na kufunga. Mtutu uliweza kuinamishwa nyuzi 10 chini ya usawa na kuinuliwa nyuzi 40 juu yake. Kwa upande wa kulia na kushoto uliweza kugeuzwa nyuzi 4 tu. Zaidi ya hapo askari walipaswa kuushika mkia wa gari na kuligeuza gari zima. Mbele palikuwa na ngao ya chuma, na juu ya upande wa mbele wa ngao hiyo paliwekwa viti viwili vya askari kukalia safarini. Ikiwa tayari kupiga, ilikuwa na uzito wa kilo 1,225. Kombora lilikuwa na kilo 15 na robo tatu hivi, lilitoka mtutuni kwa kasi ya meta 302 kwa sekunde, na liliweza kufika meta 6,300. Askari hodari waliweza kupiga makombora manne kwa dakika.

Baruti yake nayo haikuwa ya kipimo kimoja. Kombora lilitiwa kwanza peke yake, kisha likafuatiwa na ganda la shaba lenye baruti. Ndani ya ganda, baruti iligawanywa mafungu, hata palikuwa na vipimo saba vya kuchagua. Mpigaji aliyetaka kombora lianguke karibu nyuma ya kilima alitoa baadhi ya mafungu kabla ya kulitia ganda. Kombora likatoka polepole zaidi, likapanda na kuanguka karibu, kwa mwinamo mkali. Mpishi anayepunguza kuni jikoni hafanyi jambo tofauti na hilo. Ganda la shaba lilikuwa na kazi nyingine pia: lilitanuka kwa msukumo wa gesi na kuziba nyuma ya mtutu, gesi isipenye.

Kuhusu makombora yenyewe, Wajerumani walijaribu mwaka 1905 kuunganisha aina mbili katika moja. Ya kwanza ilikuwa kombora lililojazwa marisau, yaani vidonge vidogo vya risasi, ambalo hupasuka hewani na kuwamwagia askari walio chini mvua ya vidonge hivyo. Ya pili ilikuwa kombora la mlipuko mkali, la kuvunja ngome na mahandaki. Katika kombora lao la 1905 marisau yalizungushiwa dawa ya mlipuko, na utambi wake uliweza kutegwa ama upasuke hewani ama ulipuke ulipogusa ardhi. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri mno. Kiwandani lilikuwa ghali na gumu kutengeneza, na vitani, kama itokeavyo kwa vyombo vya kazi mbili, halikuifanya hata moja barabara. Vita vilipoendelea walirejea kwenye kombora jepesi la mlipuko.

Ulaya, hawiza hiyo ilivutwa na farasi sita, wawili wawili. Kila jozi ilikuwa na mwendeshaji mmoja aliyepanda farasi wa kushoto. Mkia wa gari la mzinga ulitundikwa nyuma ya kigari kidogo cha magurudumu mawili kilichobeba sanduku la makombora, na vyote pamoja vilikuwa na uzito upatao tani mbili. Farasi walioshiba, katika barabara za Ulaya zilizotandikwa mawe, waliuweza mzigo huo. Vita vilipoanza mwaka 1914 jeshi la Ujerumani lilikuwa na hawiza 1,260 za namna hii, na Wafaransa, waliojivunia ule mzinga wao wa milimita 75, hawakuwa na kitu cha kulingana nazo.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 11 Julai 1915 manowari Königsberg iliangamizwa katika mto Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi ya milimita 105, na magari ya kuichukulia nchi kavu yakatengenezwa katika karakana ya reli ya Dar es Salaam. Hii ilikuwa mizinga ya baharini: mtutu wake ulikuwa na urefu wa meta 4.2, kombora lilitoka kwa kasi ya meta 690 kwa sekunde, na lilifika meta 12,200. Tukiilinganisha na hawiza, kasi yake ilizidi mara mbili na masafa yake yalikaribia mara mbili. Ilikuwa mizinga ya kutisha katika tambarare. Lakini kombora lake lilikwenda limenyooka, na katika milima na misitu mnyoofu hafiki kila mahali.

Mwezi wa Machi 1916 meli iliyoitwa Marie, iliyotoka Ujerumani kwa siri ikapita katikati ya manowari za Waingereza, ilitia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Shehena yake ilikuwa bunduki, risasi, dawa, mizinga miwili ya milimani ya milimita 75, na hawiza nne za 98/09. Waingereza walipopata habari na kuja kuipiga, shehena ilikuwa imekwisha shushwa. Na meli yenyewe ikawaponyoka, ikaenda zake hadi Batavia.

Tazama basi ilivyokuwa. Chombo kilichobuniwa ili kivutwe na farasi sita kimewekwa mchangani katika nchi ambayo farasi hakai. Mbung'o huwaua. Hata majeshi ya wapanda farasi yaliyotoka Afrika ya Kusini mwaka ule ule chini ya Jenerali van Deventer, yakielekea Kondoa Irangi, yalipoteza wanyama wao kwa maelfu kwa maradhi na uchovu. Njia ya reli ya kati ilikuwa mamia ya kilomita kutoka Sudi. Shehena ilikuwa imefungwa huko huko Ulaya kwa kipimo cha mpagazi, yaani kilo 25 hadi 30 kwa kila mzigo, jambo linaloonyesha kwamba waliopanga safari hiyo walijua vizuri ni mabega ya nani yangeichukua. Hesabu si ngumu, na nimewahi kuwapa wanafunzi waifanye. Makombora mawili ya hawiza yana uzito wa kilo 31 na zaidi, bila ya maganda wala baruti. Mpagazi mmoja, basi, aliweza makombora mawili kwa shida. Makombora mia yalihitaji watu hamsini, mbali na waliobeba maganda, na mbali na waliobeba chakula cha hao wote. Yakifika, hawiza moja huyamaliza kwa dakika 25. Mzigo ambao mtu mmoja aliubeba majuma kadhaa kichwani uliteketezwa katika nusu dakika.

Mtutu hauwezi kukatwa vipande vya kilo 30. Vitu vizito kama hivyo viliburutwa kwa kamba, na pale kwenye milima au matope walihitajika mamia ya watu kwa mzinga mmoja. Upande wa Waingereza haukuwa na huruma zaidi. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza wanakaribia laki moja, wengi wao kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuzwa na midomo ya watu likawa Kariakoo Dar es Salaam, na Kariokor Nairobi. Leo ni masoko, na wengi wanunuao humo hawajui kwamba wanatamka jina la wachukuzi hao.

Hawiza hizo nne zilitawanywa. Moja ilikuwa na jeshi la Jenerali Wahle huko magharibi, mahali ambapo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalikuwa yakisonga mbele kupitia Rwanda na Burundi. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wahle alikuwa amekwisha toka, akielekea kusini. Safari hiyo ndiyo iliyoimaliza hawiza. Mwishoni mwa Novemba kikosi chake kimoja kilizingirwa huko Ilembule na kujisalimisha, na hawiza ikatiwa mikononi mwa Waingereza. Msomaji na afikiri kidogo kuhusu umbali uliopo kutoka Sudi hata Ilembule kwa kuzungukia magharibi, na kilo 1,225.

Nyingine ilitumika Kibata, katika milima ya Matumbi, Desemba 1916. Pale tofauti ya aina mbili za mizinga, niliyoieleza hapo juu kwa vipimo, ilionekana kwa macho. Waingereza na askari wao kutoka Gold Coast na Bara Hindi walikuwa wamejichimbia juu ya vilima, na vilima vingine viliwakinga. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alileta mzinga wa Königsberg pamoja na hawiza na mizinga ya milimani. Mahali kama pale, panapohitaji kombora lipande lishuke, ndipo mahali pa hawiza hasa. Hata hivyo makombora yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa limefika kwa miguu. Wajerumani hawakuiteka Kibata. Lettow-Vorbeck alipovuka mto Ruvuma mwezi wa Novemba 1917 kuingia nchi iliyotawaliwa na Wareno, mizinga hiyo mikubwa, ya manowari na ya farasi, ilikuwa imekwisha tekwa au kuvunjwa na kuachwa njiani.

Mwalimu atakayepata nafasi ya kuwapeleka wanafunzi wake Mombasa na awaonyeshe mzinga wa Wajerumani uliowekwa katika Ngome ya Yesu. Na awaambie wapime mtutu wake kwa hatua. Watapata zaidi ya meta nne, na hapo watajua wenyewe, pasipo kuambiwa, kwamba huo ulitoka katika manowari, na kwamba hawiza ya Sudi haikuwa na urefu hata wa nusu yake.